SOMO LA TISA: MNARA WA TAA

Mtu wa Morogoro akiwa safarini mchana hutazama milima ya Uluguru, akajua alipo. Je, nahodha aliye baharini usiku hutazama nini?

Hutazama mnara wa taa. Huu ni mnara mrefu wenye taa kali juu yake.

Mnara mmoja uko katika kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Zanzibar. Ulijengwa mwaka 1904. Pale pana miamba ya matumbawe chini ya maji. Chombo kikigonga mwamba hutoboka, na watu huweza kufa maji.

Taa za minara hazimuliki namna moja. Kila mnara una namna yake. Nahodha huhesabu taa inamulika mara ngapi, na kwa muda gani. Kisha hutazama ramani yake, akaujua mnara. Akiukosea, huweza kupotea njia.

Basi nahodha husoma taa kama wewe unavyosoma herufi. Kusoma huokoa maisha.

Maswali
1. Mnara wa Chumbe ulijengwa mwaka gani?
2. Kwa nini taa za minara hazimuliki namna moja?