ELIMU KWA UMMA: Kuchagua Chombo cha Kuombea Msaada Ziwani

Wavuvi wa Ziwa Eyasi hutumia mitumbwi midogo ya kupiga kasia, ambayo hupinduka upesi upepo unapochafuka. Kina kifupi cha maji si kinga kwa mtu aliyechoka na aliye mbali na ufuko. Kabla ya kununua chombo chochote cha kuombea msaada, jiulize: ni nani atakayeipokea ishara yangu?

1. Filimbi. Haihitaji betri wala mtandao, na sauti yake hufika mbali kuliko ukelele wa mtu. Ifungwe kwenye jaketi okozi, si kwenye mtumbwi, kwani mtumbwi waweza kukuacha.

2. Kioo na tochi. Kioo hurudisha mwanga wa jua mchana. Tochi isiyoingia maji hutumika usiku. Vyote huhitaji mtu anayetazama upande wako.

3. Simu ya mkononi. Iwekwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, ikiwa na chaji ya kutosha. Namba ya dharura ni 112, na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Chunguza mapema ni wapi ziwani mtandao unapotea.

4. Redio ya VHF. Duniani kote, chaneli ya 16 ndiyo ya wito wa dharura majini. Hata hivyo, redio ya mkononi hufika kilomita chache tu, na haina faida pasipo msikilizaji mwenye redio kama hiyo.

5. Kifaa cha setilaiti. Hutuma ishara kwa masafa ya megahezi 406 kupitia mfumo wa Cospas-Sarsat, uliookoa watu kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Hakitegemei minara ya simu, lakini ni ghali na lazima kisajiliwe.

Kwa mvuvi mwenye kipato kidogo, filimbi, tochi na simu iliyohifadhiwa vema ndizo za kuanzia. Wavuvi wa kikundi kimoja waweza kuchangia redio mbili, moja ibaki ufukoni kwa msikilizaji.

Juu ya yote, mwachie mtu wa nchi kavu taarifa tatu: uko na nani, mnaelekea wapi, na mtarudi saa ngapi. Saa hiyo ikipita bila ninyi kuonekana, apige simu ya dharura mara moja na kumjulisha mwenyekiti wa kitongoji, asisubiri mapambazuko. Mtu aliyepoteza vyombo vyote majini bado atakuwa na anayemtafuta.