Dar es Salaam hadi Iringa: Siku ya Njiani Isipotee Bure

Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kilomita 500 hivi, na kwa basi safari hiyo humaliza mchana mzima. Abiria hupanda alfajiri, husinzia kabla ya Chalinze, huamshwa Mikumi na sauti za "tembo, tembo!", husinzia tena, kisha hushtuka masikio yakiziba basi linapokwea mlima wa Kitonga. Jioni huteremka Ipogolo, Iringa, na mizigo yake, amechoka, na mgeni aliyekuja kutembea huihesabu siku hiyo kuwa imekwenda bure. Hoja yangu ni kwamba haina haja ya kwenda bure. Siku ya njiani umekwisha kuilipa kwa muda wako, utake usitake. Ukiongeza gari la pamoja, mwongoza watalii mwenye leseni na vituo vitatu vilivyochaguliwa kwa akili, utafika Iringa jioni ileile ukiwa umeona mambo ambayo wengine huyafuata kwa safari tatu mbalimbali.

Si kila barabara inastahili mpango wa namna hii, lakini hii inastahili, kwa sababu yenyewe ni sehemu ya historia inayopita katikati yake. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Rhodesia ilijitangazia uhuru wake, na Zambia, nchi isiyo na bahari, ikajikuta njia yake ya kusini iko mikononi mwa utawala uliokuwa adui yake. Shaba ilihitaji bandari, na nchi ilihitaji mafuta. Jibu likawa Dar es Salaam. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968, na barabara ya vumbi iliyokuwa ikimeza malori nyakati za mvua ikawekwa lami kati ya miaka ya mwisho ya 1960 na ya mwanzo ya 1970. Malori ya Tunduma, mpakani na Zambia, yanayokuchelewesha leo yanafuata uamuzi wa kisiasa wa enzi hizo. Basi halitakueleza hayo, na dirishani hayaonekani. Hapo ndipo mwongozaji anapoanza kustahili malipo yake.

Mpango mzuri wa siku hii hauanzi na gari. Kipande kigumu zaidi cha safari ni cha mwanzo, kutoka jijini kupitia Kibaha hadi Chalinze, ambako foleni na malori vinaweza kumeza saa nzima ya mwanga bila kukupa chochote cha kutazama. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ya SGR inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa muda usiofika saa mbili. Kata tiketi ya treni ya asubuhi siku kadhaa kabla, beba kitambulisho, fika stesheni mapema, na mwambie mwongozaji akusubiri na gari Morogoro. Kwa njia hiyo unaanza siku ukiwa umepumzika, na dereva naye hajachoshwa na foleni kabla ya kazi yenyewe. Kutoka Morogoro zimebaki kilomita 300 na ushei, zinazohitaji saa tano hadi sita za kuendesha. Ukianza kabla ya saa tatu asubuhi na ukitaka kufika kabla ya giza, unabaki na saa tatu au nne za kusimama. Kila uamuzi unaofuata unatoka kwenye hesabu hiyo.

Kituo cha kwanza ni Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC ardhi iliyokuwa shamba la mkonge, na mwaka uliofuata ikaanza shule ya watoto na vijana wa Afrika Kusini waliokimbia utawala wa makaburu. Ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Zilijengwa nyumba, madarasa, karakana na hospitali, na waliofia uhamishoni wakazikwa hapohapo. Marufuku dhidi ya ANC ilipoondolewa mwaka 1990, wakazi wake wakaanza kurejea kwao, na mwaka 1992 mahali pale pakakabidhiwa kwa Tanzania. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kwa kuwa ni chuo chenye masomo yanayoendelea, mwongozaji anapaswa kuomba ruhusa kabla ya siku ya safari, na wageni wavae na wasogee kwa heshima, hasa makaburini. Saa moja inatosha. Ukitoka hapo ukiwa umesoma majina na umri kwenye mawe ya makaburi, huhitaji tena kuelezwa kwa nini nchi maskini iliona ulazima wa kuijengea Zambia njia ya baharini.

Kituo cha pili ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu inaipasua kwa kilomita 50 hivi, na hapa ndipo pingamizi linalosikika zaidi linapozuka: kwa nini kulipa kiingilio ilhali twiga na nyani wanaonekana bure kutoka barabarani? Ni kweli wanaonekana, na hakuna ubaya kufurahi. Lakini barabarani huruhusiwi kushuka wala kuwasogelea, na mwendo wa gari haukupi nafasi ya kuona mnyama akifanya lolote zaidi ya kukupita. Ukiingia lango la Kikoboga, dakika chache mbele kuna bwawa la viboko, na zaidi ya hapo uwanda wa Mkata ambako nyati, pundamilia na tembo hukusanyika. Hapo unaweza kuzima injini ukatazama kundi la tembo kuanzia jike linalotangulia hadi ndama wa mwisho, na mwongozaji akakuonyesha nani anaongoza na kwa nini kundi limegeuka ghafla. Saa mbili ndani zinatosha kwa siku ya namna hii. Malipo getini si ya fedha taslimu, kwa hiyo mwongozaji ayamalize mapema, na raia wa Afrika Mashariki abebe kitambulisho maana kiwango chake ni nafuu mno kuliko cha mgeni wa mbali. Epuka nguo za bluu na nyeusi, kwa kuwa huwavuta mbung'o. Wakati wa masika udongo mweusi wa uwandani hunasa magari, hivyo kati ya Machi na Mei uliza kwanza hali ya njia za ndani, na usikubali kupelekwa huko na gari lisilo la kazi hiyo.

Baada ya mji wa Mikumi, kishawishi kikubwa ni kusimama kila mahali. Kizuie. Barabara inateremka kwenye Bonde la Mibuyu kando ya Mto Ruaha Mkuu, na kwa kilomita nyingi mibuyu imesimama kwenye miteremko pande zote mbili. Wakati wa kiangazi imepukutisha majani na matawi yake yanaonekana yote. Hapa dirisha linatosha, mradi mwongozaji asinyamaze: aeleze kwa nini mti huu unamudu joto na ukame, na kwa nini mbuyu uliochimbwa na tembo bado unaishi. Ruaha Mbuyuni simama robo saa tu, unyooshe miguu na utazame vitunguu vilivyopangwa kwa marobota kando ya barabara, zao linalolimwa hapo kwa umwagiliaji. Kisha Kitonga: kutoka bonde la joto gari linapanda kwa kona kali hadi nyanda za juu zenye baridi, na ndani ya muda mfupi utaona watu wamevaa masweta. Ukifika Ilula, vitunguu vinaachia nafasi nyanya. Mabadiliko hayo ya mazao na hewa ndani ya saa moja ni somo la jiografia kamili, na halihitaji kiingilio. Linalohitajika ni kuwa macho, na kumwacha dereva afanye kazi yake mlimani bila kuulizwa maswali.

Kituo cha tatu ni Lugalo, kilomita 25 hivi kabla ya Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi lao la kikoloni katika Afrika Mashariki, kilikuwa kikitembea hapa kwa mstari mrefu kuelekea makao ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Wapiganaji wake walikuwa wamejificha vichakani. Waliibuka karibu mno hata askari hawakupata nafasi ya kujipanga, na silaha bora za Wajerumani hazikuwafaa. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Wengi hupita Lugalo bila kujua, na mnara wenyewe, uliowekwa kuwakumbuka Wajerumani waliokufa, hauwezi kumweleza mgeni upande wa pili wa habari. Hapa ndipo tofauti ya kuwa na mwongozaji na kutokuwa naye inaonekana waziwazi. Anayelijua eneo atakusimamisha mahali ambapo unaona umbali kati ya vichaka na njia, na mbinu ya vita itajieleza. Ufike kabla ya saa kumi na moja jioni ili mwanga ukutoshe. Mwendelezo wa habari uachie kesho: Kalenga, ngome ya Mkwawa iliyoanguka mwaka 1894 na ambako limehifadhiwa fuvu lake lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, pamoja na Isimila na zana zake za mawe, viko upande wa pili wa mji na havipaswi kubanwa kwenye siku hii.

Pingamizi la pili ni gharama, nalo ni zito. Nauli ya basi ni ndogo mara nyingi kuliko kukodi gari na kulipa mwongozaji. Lakini linganisha vinavyolingana. Anayetaka kuona Mikumi kutoka Dar es Salaam kwa safari ya siku moja hutembea kilomita 283 kwenda na nyingine 283 kurudi, kisha siku nyingine hupita barabara ileile kwa basi kwenda Iringa. Kuunganisha safari hizo kunamwokoa kilomita 566, siku nzima na pengine usiku mmoja wa hoteli. Watu watano au sita wakigawana gari, kila mmoja hubeba kiasi kinachobebeka. Gharama inayofichwa ni ya gari kurudi tupu: uliza waziwazi kama imo kwenye bei, na kama mwenye gari ana wateja wa kuwarudisha kutoka Iringa, maana hapo ndipo penye nafasi ya kupunguziwa.

Pingamizi la tatu ni kwamba kusimama huku na huku hukuachia juujuu ya kila kitu na kina cha chochote. Hilo ni kweli kwa ratiba zenye vituo saba au nane, na ndiyo sababu nasisitiza vitatu. Mazimbu, Mikumi na Lugalo havikuchaguliwa kwa umaarufu tu. Vyote viko kwenye njia au karibu nayo, kila kimoja kinaeleweka ndani ya saa moja au mbili, na viwili kati yake vinasimulia jambo moja katika nyakati mbili: watu waliokataa kutawaliwa, na ardhi iliyowapa nafasi ya kukataa. Muda ukibana, punguza saa za Mikumi au uache Mazimbu, lakini usifidie kwa mwendo kasi wala kwa kupanda Kitonga gizani. Na wapo ambao siku hii haiwafai: anayewahi msiba au mgonjwa, mwenye mtoto mchanga, na mzee asiyestahimili kukaa garini saa nyingi. Hao basi la moja kwa moja, au kulala Mikumi usiku mmoja, kutawafaa zaidi.

Kabla ya kulipa malipo ya awali, muulize mwongozaji maswali manne. Leseni yake iko wapi? Je, ataongoza akiwa amekaa pembeni ya dereva, au anataka kuendesha na kueleza kwa wakati mmoja? Kwenye barabara yenye malori mengi kiasi hiki, kazi hizo mbili zigawanywe kwa watu wawili. Ameshaomba ruhusa ya Mazimbu na kuandaa malipo ya Mikumi? Na tukichelewa saa moja, ataacha kituo kipi? Swali la mwisho ndilo linalompima. Asiye na jibu hajawahi kuipanga siku hii, na atakuburuza hadi Iringa saa tatu usiku. Mwenye jibu la haraka, anayekutajia kituo na sababu, anaijua barabara, na huyo mlipe anachostahili.