SOMO: KISIWA CHA ST HELENA, WATU WAKE NA SERIKALI YAO



Hivi karibuni, katika darasa la Kipaimara, tulikuwa tumetandaza ramani ya dunia mezani, na kijana mmoja akaweka kidole juu ya nukta ndogo sana katikati ya Bahari ya Atlantiki. Akasoma jina lake, St Helena, na chini yake maneno ya kuonyesha kwamba ni mali ya Uingereza. Akauliza, "Mwalimu, kwani Mwingereza bado anatawala visiwa vya watu?" Tukamjibu kwamba ndiyo, maeneo ya namna hiyo yapo zaidi ya kumi, mengi yao ni visiwa vidogo. Jibu hilo halikumtosha, na kusema kweli hata sisi halikututosha. Basi tumeona vema somo la mara hii liwe juu ya kisiwa hicho hicho alichokigusa kwa kidole chake.

Chukueni ramani, kama mnayo nyumbani. Tafuteni mpaka wa Angola na Namibia upande wa bahari, kisha mwende magharibi. Mtasafiri kiasi cha kilomita 1,950 kabla ya kukutana na nchi kavu. Ukitoka hapo kuendelea mpaka Brazil ni mbali zaidi kuliko ulikotoka. Kisiwa chenyewe kina kilomita za mraba 122 tu. Mafia ni kubwa kuliko hicho zaidi ya mara tatu, na Unguja zaidi ya mara kumi. Ni mlima wa moto uliozimika zamani, ukasimama baharini kama ukuta. Pande zote ni magenge makavu yenye rangi ya kutu, lakini ukipanda juu unakuta majani mabichi, ukungu na ng'ombe wakilisha, na kilele chake, Diana's Peak, kina kimo cha mita 820 hivi. Mji wake mkuu, Jamestown, umejibana katika bonde jembamba kati ya milima miwili. Kutoka mjini kwenda juu kuna ngazi yenye vipandio 699, na wageni hupenda kujipima nguvu hapo.

Upepo wa huko hutoka kusini-mashariki. Ni ndugu wa kusi yetu, ila wetu hubadilishana na kaskazi, na ule wa kwao huvuma karibu mwaka mzima. Neno hili la upepo mlishike, kwa sababu ndilo lililofanya kisiwa kipate watu, na miaka mingi baadaye ndilo lililokaribia kuharibu kiwanja chao cha ndege.

Kisiwa hakikuwa na wenyeji. Mapokeo yasema kwamba Mreno João da Nova alikiona tarehe 21 Mei 1502 alipokuwa akirudi kutoka India, akakiita kwa jina la Mtakatifu Helena, mama yake Kaisari Konstantino. Jahazi za Wareno zilizokuwa zikitoka Bahari ya Hindi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema zilisukumwa na upepo ule moja kwa moja mpaka hapo, zikachota maji matamu na kuchuma matunda. Mwaka 1659 Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki ilipeleka watu wake kukaa na kujenga ngome. Waholanzi wakaiteka mwaka 1673, Waingereza wakairudisha mwaka huo huo, na Mfalme Charles wa Pili akatoa hati iliyosema kwamba wakaaji wa kisiwa na watoto wao watakuwa na haki zile zile kama kwamba wamezaliwa Uingereza. Tunawaomba mkumbuke hati hiyo, tutairudia.

Kampuni ilileta pia watumwa, wengi kutoka Madagaska, wengine kutoka bara la Afrika na nchi za Asia. Baadaye wakaletwa vibarua Wachina. Mwaka 1818 ikaamriwa kwamba watoto wote wa watumwa watakaozaliwa tangu sikukuu ya Krismasi mwaka ule watakuwa huru, na kutoka mwaka 1832 Kampuni ikaanza kununua uhuru wa wale waliobaki, zaidi ya watu 600. Mwaka 1834 kisiwa kikatoka mikononi mwa Kampuni kikawa chini ya Mfalme. Watu wa leo ni mchanganyiko wa hao wote, lugha yao ni Kiingereza cha namna yao wenyewe, nao hujiita "Watakatifu" kwa sababu ya jina la kisiwa. Kijana wetu wa Kipaimara alicheka sana aliposikia hivyo. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilipata kiasi cha 4,400 tu, na wengi wao ni wazee, maana vijana huondoka.

GEREZA LA WAKUBWA

Mahali palipo mbali hivyo Serikali ya Uingereza ilipaona pafaa kuwatupa watu iliowaogopa. Napoleon aliletwa mwaka 1815, akafa huko tarehe 5 Mei 1821. Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, alikaa huko tangu 1890 mpaka 1897. Baada yake walikuja maelfu ya mateka Makaburu.

Lakini yuko mmoja ambaye sisi wa pwani tunamhusu zaidi, wala vitabu vingi havimtaji. Ni Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyeingia katika jumba la kifalme la Unguja mwezi wa Agosti 1896 baada ya kufa Sultani Hamad bin Thuwaini, manowari za Kiingereza zikalipiga jumba hilo kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Yeye alikimbilia kwa balozi wa Wajerumani, wakampeleka Dar es Salaam, akakaa huko miaka ishirini. Vita Kuu ilipofika na Wajerumani wakasukumwa kusini, Waingereza walimkamata, na mwaka 1917 wakampeleka St Helena pamoja na watu wa nyumba yake. Mwaka 1921 wakamhamishia Shelisheli. Mwishowe akaruhusiwa kurudi kwenye pwani yetu, akafa Mombasa mwaka 1927. Hebu fikirini mtu wa Unguja, aliyezoea harufu ya karafuu na sauti ya adhana, akikaa miaka minne juu ya jabali lile la Atlantiki.

JINSI WANAVYOTAWALIWA

Kwa katiba ya mwaka 2009, St Helena, Ascension na Tristan da Cunha ni eneo moja lenye sehemu tatu. Mfalme wa Uingereza ndiye mkuu, naye huwakilishwa na Gavana ambaye huteuliwa kutoka London. Mambo ya ulinzi na ya nchi za nje hubaki mikononi mwa Uingereza. Mambo ya kila siku hutungiwa sheria na Baraza lenye wajumbe 12 waliochaguliwa na watu. Kisiwa chote ni jimbo moja, wala hakuna siasa ya vyama. Kila mgombea husimama kwa jina lake, na kwa kuwa watu wote wanafahamiana, hapana pa kujificha. Mwaka 2021 walianza utaratibu wa mawaziri, na Bibi Julie Thomas akawa Waziri Kiongozi wa kwanza.

Sasa turudi kwenye ile hati ya mwaka 1673. Kwa zaidi ya miaka mia tatu Watakatifu waliamini kwamba wao ni Waingereza kamili. Kisha Bunge la London likapitisha sheria ya uraia ya mwaka 1981, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1983. Inasemwa sana kwamba waliotunga sheria walikuwa wakiwafikiria watu wa Hong Kong, ambao ni mamilioni. Lakini wavu ule ule uliwanasa na Watakatifu, ambao wote wangeweza kuingia katika uwanja mmoja wa mpira na nafasi ikabaki. Pasipoti zao hazikuwapa tena haki ya kuishi wala kufanya kazi Uingereza. Watu wa Falkland walirudishiwa haki hiyo mara baada ya vita vya kule. Watakatifu, ambao hawakuwa na vita, waliambiwa wangoje.

Hapa Kanisa liliingia kazini, nasi kama Waanglikana twafurahi kulisimulia. Dayosisi ya St Helena ni ya tangu mwaka 1859, nayo imo katika Jimbo la Kusini mwa Afrika. Ni dayosisi ndogo kabisa, na mitaa yake kisiwani ni mitatu tu: St James, St Paul na St Matthew. Mwaka 1992, kwa ombi la sinodi ya dayosisi, Askofu aliunda Tume ya Uraia. Haikuwa na fedha nyingi wala jeshi. Ilikuwa na hati ya Mfalme Charles, na watu wenye subira ya kuandika barua, kutafuta wabunge wa kuwasemea, na kwenda kugonga milango London. Wengine waliuliza kama hiyo ni kazi ya sinodi, nasi tumesikia neno hilo hilo likisemwa hata hapa kwetu. Waliendelea miaka kumi. Tarehe 21 Mei 2002, siku ile ile ya kumbukumbu ya kuonekana kisiwa, haki ya uraia ilirudi, si kwao peke yao bali kwa maeneo mengine pia.

MAISHA NA MAPATO

Kwa uchumi, kisiwa kimepata kuwa tajiri mara chache. Mwaka 1855 merikebu 1,100 zilitia nanga huko. Mfereji wa Suez ukafunguliwa mwaka 1869, merikebu za India zikapita njia ya mkato, na mwaka 1889 zilizofika zilikuwa 288 tu.

Wakajaribu kilimo cha kitani cha New Zealand, mmea wenye majani marefu kama mkonge, ambao nyuzi zake hufanya kamba. Tangu mwaka 1907 viwanda vyake vilikuwa ndiyo kazi kubwa ya kisiwa, na Posta ya Uingereza ilitumia nyuzi hizo kufungia mabunda ya barua. Kisha Posta ikahamia kamba za nailoni, na mwaka 1966 kinu cha mwisho kikafungwa. Ndugu zetu wa Tanga hawahitaji kuelezwa zaidi. Nyuzi hizo hizo za kiwandani ziliiangusha na katani yetu.

Siku hizi zaidi ya nusu ya fedha za serikali hutoka Uingereza kama msaada. Fedha yao ni pauni ya St Helena, yenye thamani sawa na ya Uingereza. Wanavua jodari kwa mshipi, mmoja mmoja. Wana kahawa nzuri na ya bei kubwa, ambayo mbegu yake ililetwa kutoka Mocha, Yemen, mwaka 1733. Wengi hufanya kazi Ascension, Falkland na Uingereza, na fedha wanazotuma nyumbani husomesha watoto waliobaki na bibi zao.

Mpaka mwaka 2018 njia ya watu ilikuwa meli moja, RMS St Helena, safari ya siku tano hivi kutoka Cape Town. Mgonjwa mzito alihesabu siku hizo. Uingereza ikatoa kiasi cha pauni milioni 285 kujenga kiwanja cha ndege. Bonde zima lilifukiwa kwa mawe. Kilipokuwa tayari mwaka 2016, ndege ya majaribio ikakuta upepo unaogeuka ghafla penye magenge, na magazeti ya Uingereza yakakicheka kiwanja hicho kwamba ni bure kabisa. Tarehe 14 Oktoba 2017 ndege ndogo zaidi kutoka Johannesburg ilitua salama na abiria, na safari zimeendelea, kwa kawaida mara moja kwa juma. Tangu mwaka 2023 wana waya wa intaneti wa chini ya bahari pia.

MIFUPA YA BONDE LA RUPERT

Jambo moja limebaki. Tangu mwaka 1840 manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi ya watumwa katika Atlantiki ziliyaleta St Helena. Waafrika zaidi ya 25,000 walishushwa huko, wengi katika bonde liitwalo Rupert, wakiwa wagonjwa wa ndui, kuhara na njaa. Waliopona, wengi walipelekwa visiwa vya West Indies kufanya kazi, wachache walibaki. Kiasi cha 8,000 walikufa na kuzikwa bondeni. Sisi tunaoijua Frere Town ya Mombasa tunaielewa habari hii, ila huko hawakuachiwa hata kengele.

Barabara ya kwenda kiwanja cha ndege ilipopimwa, ilipita juu ya makaburi. Kati ya miaka 2006 na 2008 mifupa ya watu 325 ilifukuliwa, wengi wao watoto na vijana. Ikawekwa katika ghala mjini Jamestown ingoje. Kiwanja kilijengwa, kikachekwa, kikatengenezeka, wageni wakaanza kushuka, na mifupa bado imo ghalani. Wako wenyeji waliokataa kunyamaza, wakauliza mwaka baada ya mwaka kwamba kaburi la Napoleon, ambalo ni tupu tangu 1840, linatunzwa vizuri, na hawa je? Mwezi wa Agosti 2022 walizikwa tena katika bonde la Rupert, kila mmoja katika jeneza lake, bila jina, kwa kuwa majina yao hayakuandikwa.