Somo la Tarehe: Majina Haya Yametiwa na Nani?

Vijana wetu wanaosoma skuli wametutaka tuwaeleze baadhi ya maneno na majina ya watu wanayokutana nayo katika vitabu vya tarehe ya dunia, kwani wengi wao huyahifadhi kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukisha huwa wameyasahau yote. Tumeona ni wajibu wetu kuwaitikia. Lakini kwanza twapenda kuwajibu wale wazee wetu waliosema kwamba vitabu hivyo vimeandikwa na wageni, na kwa hivyo ni heri visisomwe. Sisi hatuoni hivyo. Asiyezisoma khabari za dunia atakuja kusimuliwa hata khabari za mji wake mwenyewe, wala hatakuwa na la kujibu.

Wa kwanza tutakayemtaja ni Ibn Khaldun, kwa kuwa yeye ndiye atakayetupa mizani ya kupimia yaliyobaki. Alizaliwa Tunis mwaka 1332 na akafa Cairo mwaka 1406. Alikuwa kadhi, na waziri, na mfungwa pia, na mwaka 1401 aliteremshwa kwa kamba katika ukuta wa Damascus ili aende akazungumze na Timur aliyekuwa ameuzingira mji. Kitabu chake, Muqaddima, alikiandika mwaka 1377. Wanafunzi hufundishwa kwamba yeye ndiye mwenye neno asabiyya, yaani mshikamano wa watu unaowapa nguvu ya kushika dola, na unaolegea wanapozama katika anasa. Hiyo ni kweli, lakini kwetu sisi lililo kubwa zaidi ni hili: aliwalaumu waandishi wa tarehe, na hao ni Waislamu wenzake na wakubwa wao, kwa kupokea khabari bila ya kuzipima. Ametoa mfano wa waliosema kwamba jeshi la Bani Israil pamoja na Nabii Musa, alayhi salam, lilikuwa ni watu laki sita au zaidi. Akauliza: nchi gani iliweza kulichukua jeshi kama hilo? Na safu zake zikisha kupangwa, wa upande huu watajuaje yanayowapata wa upande ule? Basi mwanafunzi na akumbuke kwamba mtu huyu hakumwogopa mwandishi kwa ukubwa wa jina lake.

Sasa tuje kwenye maneno. Tuchukue Vita vya Msalaba. Kitabu kitakwambia kwamba vilianza mwaka 1095, Papa Urban II alipohutubu mjini Clermont katika Ufaransa, na kwamba mji wa Baitul Muqaddas ulitekwa mwaka 1099. Miaka hiyo ni sahihi. Lakini je, waliopigana vita hivyo waliviita hivyo? Waliotoka Ulaya walisema wanakwenda safari ya ziara. Na Waislamu wa Shamu hawakuwataja kwa msalaba. Waliwaita Ifranji, yaani Wafaranji, kwa jina la kabila na nchi. Jina la Kiarabu la hurub salibiyya, ambalo leo watu hulidhani ni la zamani, lilienea katika karne ya 19 tu.

Na jina likibadilika, mipaka ya jambo nayo hubadilika. Ibn al-Athir, mwanahistoria aliyekufa mwaka 1233, hakuanza na hotuba ya Clermont. Yeye aliianza khabari ya Wafaranji na kutekwa kwa Toledo katika Andalus mwaka 1085, kisha Sicily, kisha ndiyo akafika Shamu. Kwake yeye jambo hilo lilikuwa moja, lililoanzia magharibi ya bahari na kuja hata mashariki. Msomaji wa kitabu cha Ulaya na msomaji wa Ibn al-Athir watakuwa wanasoma vita vile vile, lakini hawataona umbo moja.

Katika mlango huo huo humo Salahuddin al-Ayyubi, naye alikuwa Mkurdi, aliyezaliwa Tikrit. Aliwashinda Wafaranji huko Hittin mwezi wa Julai 1187, na mwezi wa Oktoba akaingia Baitul Muqaddas. Wakati Wafaranji walipoingia mwaka 1099 waliwachinja watu wa mji. Yeye aliwaacha watoke kwa fidia. Hayo tunayasimulia kwa fakhari na tuna haki. Lakini maelfu walioshindwa kulipa fidia walichukuliwa mateka, na hili nalo lisifichwe, kwani Ibn Khaldun hakutupa mizani tuwapimie wengine tu. Na iandikwe vilevile kwamba mwaka 1204 jeshi la msalaba liliuteka na kuupora mji wa Constantinople, nao ulikuwa mji wa Wakristo.

Zama za Kati hatutazikalia sana. Maana yake ni zama zilizo katikati ya kuanguka Roma mwaka 476 na kuamka kwa Ulaya katika karne ya 15. Ni katikati kwa nani? Ni kwa Ulaya. Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037 na ambaye kitabu chake cha utabibu, al-Qanun, kilifasiriwa kwa Kilatini huko Toledo na kusomeshwa katika vyuo vya Ulaya mpaka karne ya 17, hakujijua kuwa yumo katikati ya kitu. Wala Mansa Musa wa Mali, aliyekwenda Hija mwaka 1324. Wala watu wa Kilwa waliomkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Mwanafunzi alitumie neno hili katika mtihani, lakini asiwaite watu hawa wa gizani.

Neno linalotuumiza zaidi ni uvumbuzi. Katika darasa letu tulimwuliza kijana mmoja, mwerevu kabisa: Vasco da Gama ni nani? Akajibu: ni mtu aliyevumbua Malindi na njia ya Bara Hindi. Kijana huyo babu yake alikuwa nahodha. Hatukumlaumu, kwani ndivyo alivyohifadhishwa.

Khabari yenyewe ni hii. Vasco da Gama alitoka Lisbon mwezi wa Julai 1497, akaizunguka Afrika kwa kusini, akafika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498 na Malindi wiki moja baadaye. Safari hiyo ilikuwa ngumu na ya kishujaa, na mwenye insafu hataikanusha. Na ni kweli kwamba kabla yake hakuna chombo kilichotoka Ulaya kikafika Bara Hindi kwa njia hiyo. Lakini kutoka Malindi kwenda Hindi hakukuwa na la kuvumbua. Mfalme wa Malindi alimpa rubani, naye akawavusha kwa zaidi kidogo ya siku ishirini, wakafika Calicut mwezi wa Mei. Huko mtu wao wa kwanza kushuka pwani alipelekwa kwa Waislamu wawili wa Tunis waliojua lugha za Ulaya! Na wakati wa kurudi waliondoka bila ya kungojea msimu wa kaskazi, wakakaa baharini karibu miezi mitatu, wakafa watu thelathini hivi, na waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu zote, hata moja ikachomwa moto. Kila mtu wa pwani ajua maana ya hesabu hiyo. Elimu iliyowavusha wakati wa kwenda ilikuwa ni elimu ya pepo, na wenyewe walikuwa ni watu wa bahari hii.

Na huyo rubani alikuwa nani? Hapa twapenda wanafunzi waangalie vizuri. Wengi wetu husema kwa furaha kwamba alikuwa Ahmad ibn Majid wa Julfar, bingwa mkubwa wa elimu ya bahari, ambaye vitabu vyake tunavyo. Mwenye kusema hivyo ni Qutb al-Din al-Nahrawali wa Makka, aliyeandika miongo mingi baadaye. Shajara iliyoandikwa katika safari yenyewe yasema alikuwa Mkristo, lakini Wareno hao walipowaona Mabaniani waliwadhani ni Wakristo. João de Barros, mwanahistoria wa Kireno, asema alikuwa Mwislamu wa Gujarati na amlitaja kwa jina la Malemo Cana. Malemo, bila shaka, ni mwalimu, na mwalimu katika vyombo vyetu ni yule ajuaye nyota na njia. Wataalamu wa siku hizi wengi wameikataa khabari ya Ibn Majid, na sisi twaona wamesema kweli, ijapokuwa moyo wapenda iwe vingine. Ibn Majid ana utukufu wa vitabu vyake, hahitaji kuongezewa huu.

Limebaki neno moja, nalo ni la nyumbani: himaya. Kwa Kiarabu ni kulinda. Mwaka 1895 ukanda wa pwani wa maili kumi, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, uliwekwa chini ya uangalizi wa Uingereza kwa kodi ya paundi 11,000 kwa mwaka, na bendera yake ikaendelea kupepea. Mwaka 1920 bara ikawa Koloni ya Kenya, na ukanda huu ukaitwa Himaya. Watu wa Mombasa na watu wa Nairobi walikuwa na gavana mmoja, lakini katika karatasi walikuwa nchi mbili, mpaka Sultani alipoiacha haki yake kwa makubaliano ya Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya uhuru.

Kwa darasa lijalo, kila mwanafunzi na aje na neno moja kutoka katika kitabu chake cha skuli, aandike chini yake nani alilitia, mwaka gani, na waliokuwa wakiitwa kwa neno hilo wao wenyewe walijiitaje.