Kibali cha Bastola Kinapovuka Mpaka wa Jimbo

Swali: Je, mkazi wa Pennsylvania mwenye kibali cha kubeba bastola iliyofichwa mwilini anaweza kuingia nayo New Jersey, ng'ambo ya mto Delaware?

Jibu: Hawezi, kwa kuwa New Jersey haitambui kibali cha jimbo lolote jingine, na anayekamatwa humo na bastola mwilini hukabiliwa na kosa la jinai hata kama kwao hana hatia. Nchini Marekani leseni ya udereva hukubaliwa katika kila jimbo, ilhali kibali cha silaha hutawaliwa na sheria ya jimbo alimo msafiri, wala si ya lile lililokitoa.

Baadhi ya majimbo yana mapatano ya kutambuliana vibali. Mengine, kama Michigan na Colorado, humtambua mgeni pale tu kibali chake kinapotoka katika jimbo analoishi. Na Vermont haidai kibali chochote. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2022 ilifuta sharti la New York la mwombaji kuthibitisha haja maalumu, lakini haikuyalazimisha majimbo kutambuliana.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 humlinda anayepita tu, mradi silaha iruhusiwe kisheria atokako na aendako, isiwe na risasi, na ikae kwenye buti. Gari lisilo na buti huhitaji kasha lenye kufuli, lisilo droo ya dashibodi.

Kwa hiyo, kila msafiri asome sheria ya kila jimbo atakalopitia kabla ya kuondoka.