Kiestonia na Kikurdi: orodha ya maneno si ushahidi wa undugu

Swali: Moja kwa Kiestonia ni "üks", kwa Kikurdi ni "yek". Mwestonia husema "mina" kwa maana ya mimi, na Mkurdi husema "min". Je, lugha hizi si ndugu?

Jibu: Barua kadhaa zimeuliza hili, na nyingine zimeambatanishwa na orodha ndefu, basi nawajibu nyote pamoja. Hapana. Kiestonia ni cha familia ya Kiurali, pamoja na Kifini na, kwa mbali, Kihungari. Kikurdi ni cha tawi la Kiirani katika familia ya Kihindi-Ulaya, jamaa ya Kiajemi. Naomba msome yafuatayo taratibu, kwa sababu uvumi huu unarudi kila mwaka.

Undugu wa lugha hauthibitishwi na maneno kufanana machoni. Unathibitishwa na sauti zinazobadilika kwa utaratibu. Samaki kwa Kiestonia ni "kala", kwa Kihungari "hal". Tatu ni "kolm", na kwa Kihungari "három". Penye k upande mmoja pana h upande wa pili. Lakini mkono ni "käsi" na "kéz", jiwe ni "kivi" na "kő". Hapa k imebaki, kwa kuwa inafuatwa na vokali ya mbele. Kanuni inatuonyesha hata pale ambapo mabadiliko hayatokei! Sasa linganisha Kikurdi na Kiajemi: siku ni "roj" na "ruz", mwanamke ni "jin" na "zan", refu ni "dirêj" na "deraz". Kikurdi kina j (itamke kama Wafaransa), Kiajemi kina z, tena na tena. Huo ndio undugu.

Rudi kwenye "üks" na "yek", kisha endelea kuhesabu. Kiestonia: kaks, kolm, neli, viis. Kikurdi: du, sê, çar, pênc. Ulipofika mbili tu, hoja imekwisha. Lugha yoyote ina maelfu ya maneno na sauti chache. Ukitafuta mfanano kati ya lugha mbili zozote, utaupata.

Halafu kuna kukopa. Mkurdi husema "xeber", "dinya" na "kitêb"; sisi tunasema habari, dunia na kitabu. Hakuna anayedai kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kikurdi. Wote tumekopa kwa Waarabu.

Katika orodha zenu ningetamani kuona neno moja ambalo hakuna aliyeliandika: mia. Kwa Kiestonia ni "sada", kwa Kikurdi "sed". Hii si sadfa, wala si undugu. Maelfu ya miaka iliyopita wahenga wa wasemaji wa Kiurali waliishi jirani na wasemaji wa lugha mama ya Kihindi na Kiirani, wakachukua kwao neno hilo, na pia neno lililozaa "vasar", yaani nyundo kwa Kiestonia. Kwa hiyo historia halisi ipo, tena ni tamu kuliko hiyo ya kubuni.

Swali: Kikurdi si lahaja ya Kituruki, au ya Kiarabu?

Jibu: Hapana. Kituruki na Kiarabu ni vya familia nyingine kabisa. Wabulushi wa Mombasa na Zanzibar, ambao mababu zao walikuja kama askari wa masultani wa Oman, lugha yao ya asili iko karibu zaidi na Kikurdi kuliko hizo mbili.

Swali: Na Kiestonia si aina ya Kirusi?

Jibu: Hapana.

Swali: Ipi ni ngumu zaidi kwa Mswahili?

Jibu: Kiestonia kina maumbo 14 ya nomino. Sisi tunasema "nyumbani" na kuacha kitenzi kieleze mengine. Mwestonia ana "majas" akiwa ndani, "majasse" akiingia, "majast" akitoka. Ila "ta" wake ni sawa na yeye wetu, hatofautishi mwanamume na mwanamke. Katika Kikurdi cha Kurmanji nomino zina jinsia, na katika wakati uliopita kitenzi hukubaliana na kinachotendwa: "min sêv xwar" nilikula tufaha, "min du sêv xwarin" nilikula matufaha mawili. Mlaji ni yuleyule, kitenzi kimefuata matufaha.

Swali: Lugha yenye watu wachache si ndiyo itakayokufa kwanza?

Jibu: Swali hili hunitia uchungu. Kiestonia kina wasemaji kama milioni 1.1. Kikurdi kina zaidi ya milioni 20. Kiestonia kimekuwa lugha ya kufundishia katika Chuo Kikuu cha Tartu tangu 1919, kilivuka utawala wa Kisovieti, kikarudishiwa hadhi kwa sheria ya 1989, na tangu 2004 ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Kikurdi kilikuwa na gazeti Cairo mwaka 1898, na jarida *Hawar* Damascus mwaka 1932, ambamo Celadet Alî Bedirxan alieneza alfabeti ya Kilatini. Lakini mwaka 1983 Uturuki ilitunga sheria namba 2932, iliyokataza kueleza fikra kwa lugha yoyote isiyo lugha rasmi ya kwanza ya nchi inayotambuliwa na Uturuki. Kikurdi hakikutajwa hata kwa jina. Sheria ilidumu hadi 1991, na kwa miaka hiyo mtoto wa jamii ya mamilioni ya watu hakuwa na darasa hata moja la lugha ya mama yake, ilhali mtoto wa Tallinn alisoma hisabati kwa Kiestonia chini ya Moscow. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu wasemaji, uliza lugha ya darasani.

Swali: Nataka kujifunza Kikurdi. Nianze na kipi?

Jibu: Kama jirani zako wametoka Uturuki au Siria, Kurmanji, kwa herufi za Kilatini. Kama wametoka Sulaymaniyah nchini Iraki, lahaja ya Sorani, kwa herufi za Kiarabu zilizorekebishwa ili kila vokali iandikwe, isipokuwa i fupi.