Chai ya Asubuhi Inayokaa Tumboni: Kijitabu kwa Anayepunguza Uzito

Kijitabu hiki ni cha mtu mzima aliyeamua kupunguza uzito, lakini kila ikifika saa nne asubuhi njaa inamvunja nguvu. Ameshaambiwa ale kidogo. Amejaribu kunywa chai ya rangi tupu na kutoka. Saa nne akipita muuza vitumbua ananunua vinne, na mchana anapakua sahani ya wali ambayo jana asingeimaliza. Jioni anajilaumu kwamba hana msimamo. Kwa maoni yetu, lawama hiyo haimstahili. Msimamo anao, alichokosa ni chakula cha asubuhi chenye uwezo wa kumfikisha mchana.

Jambo hili linahitaji kuzungumzwa waziwazi, kwa sababu uzito unaongezeka nchini. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2010 ulikuta kwamba asilimia 22 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 Tanzania walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Ule wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 28. Wanaume nao wamo, hasa mijini, ingawa wengi hawapimi kiuno mpaka suruali igome kufunga. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya magonjwa huanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanaume. Shinikizo la damu na kisukari cha aina ya pili hufuata njia hiyo.

Tumbo linavyojua kwamba limeshiba

Chakula kikiingia, kuta za tumbo hutanuka na mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo. Kikifika kwenye utumbo mwembamba, hasa kikiwa na protini, utumbo hutoa homoni zinazotuliza hamu ya kula na kulichelewesha tumbo lisimwage haraka kilichobaki. Nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya maharage, matunda na nafaka zisizokobolewa ambayo mwili haumeng'enyi, hushika maji, hujaza tumbo na kupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Mambo haya huchukua muda, kama dakika 20 hivi. Ndiyo maana mtu anayekunywa chai amesimama, huku anatafuta funguo, hula zaidi kabla ubongo haujapata habari.

Sasa liangalie andazi. Ni unga wa ngano uliokobolewa, sukari na mafuta. Ni laini, halihitaji kutafunwa sana, na halichukui nafasi kubwa tumboni. Andazi moja la ukubwa wa kawaida huwa na kalori 150 hadi 200. Maandazi matatu na kikombe cha chai ya maziwa chenye vijiko vitatu vya sukari hukaribia kalori 600 au 700. Kwa mtu anayepunguza uzito, hizo zingetosha mlo mkubwa wa siku. Ameshazitumia kabla ya saa mbili asubuhi, na saa nne ana njaa.

Mwaka 1995, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, wakiongozwa na Susanna Holt, walilinganisha vyakula 38. Kila chakula walikipima kiwe na kalori 240, wakawapa watu wale, kisha wakawauliza kila baada ya dakika 15, kwa saa mbili, wanajisikiaje. Viazi mviringo vya kuchemsha vilishika nafasi ya kwanza, kwa shibe iliyozidi mara tatu ile ya mkate mweupe. Samaki, uji wa shayiri, machungwa, nyama ya ng'ombe, maharage na mayai vyote viliushinda mkate. Mkiani zilikuwa keki, donati na krosanti, vyakula ambavyo kwa unga, sukari na mafuta ni ndugu wa andazi na kitumbua. Waliojaribu kila chakula walikuwa wachache, kwa hiyo hatuwezi kuyafanya matokeo hayo kuwa sheria. Hata hivyo yanaendana na yale tunayoyajua kuhusu protini, nyuzinyuzi na maji ndani ya chakula.

Yanasahihisha pia dhana moja iliyoenea. Wengi wakianza kupunguza uzito huacha kwanza viazi, wakidhani ndivyo vinavyonenepesha. Kiazi cha kuchemsha hakina kosa. Kosa huanza kinapoingia kwenye karai la mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120, na mafuta hayo hayaonekani kwenye sahani. Mhogo wa kuchemsha na mhogo wa kukaanga hutoka shamba moja, lakini kwenye hesabu ya kalori ni vyakula viwili tofauti.

Anza na maharage

Tungeambiwa tuchague chakula kimoja tu cha kupendekeza, tungechagua maharage. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina takriban kalori 225, gramu 15 za protini na zaidi ya gramu 10 za nyuzinyuzi. Hakuna chakula cha kopo wala cha kuagiza nje ambacho mtu wa kipato cha kawaida angekipata sokoni kwa bei hiyo na kikampa vyote hivyo. Kunde, choroko, dengu na mbaazi ziko katika ukoo huohuo.

Kinachowakatisha tamaa watu ni muda wa kupika, na hoja hiyo ni ya kweli: hakuna anayeanza kuinjika maharage saa kumi na moja alfajiri akiwa na daladala la kuwahi. Yaloweke tangu asubuhi, mwaga maji ya kulowekea ili kupunguza gesi tumboni, yapike jioni mpaka yaive kabisa, kisha tenga kikombe chako kabla ya familia kukaa mezani. Yahifadhi kwenye friji na asubuhi yapashe mpaka yachemke. Kama huna friji, choroko na dengu huiva haraka kuliko maharage, hasa zikilowekwa usiku. Na tahadhari moja kuhusu kiporo: wali uliolala nje usiku kucha katika joto la pwani usile, hata ukiupasha moto, kwa sababu bakteria wanaoota humo huacha sumu isiyoondoka kwa kuchemsha.

Watu wa Mombasa, Tanga na Unguja wana asubuhi yao ya mahamri kwa mbaazi, na hatuna nia ya kuwanyang'anya. Tunachoomba ni kugeuza vipimo. Mara nyingi mahamri huwa manne na mbaazi ni za kuchovyea tu. Pakua bakuli la mbaazi lililojaa, weka hamri moja pembeni. Mbaazi zikipikwa kwa tui jepesi la pili badala ya tui zito, utamu wa nazi unabaki na mafuta yanapungua sana.

Mayai ni msaada mwingine wa haraka. Yai moja lina takriban kalori 70 na gramu 6 za protini. Mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu cha ukubwa wa ngumi na kipande cha papai havifiki kalori 400, na mtu huvila akasahau chakula mpaka mchana. Mayai ya kukaanga si haramu, ila pima mafuta kwa kijiko kidogo. Ukimimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa huwezi kujua umeweka kiasi gani. Maziwa ya mtindi yasiyo na sukari, dagaa waliokaushwa na kupikwa kwa nyanya na kitunguu, samaki wa jana jioni, hata kipande cha kuku kilichobaki, vyote vinafaa asubuhi. Hakuna sheria ya tiba inayosema samaki ni wa mchana.

Karanga na parachichi zinahitaji mkono wa kupima. Ni vyakula vizuri, vina mafuta yenye manufaa, lakini konzi ndogo ya karanga, gramu 30 hivi, ina takriban kalori 170. Konzi moja inatosha. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupe, kwa sababu huenda zina sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote.

Uji

Uji wa ulezi au wa dona ni mzuri kuliko wa sembe, kwa kuwa nafaka haikukobolewa. Lakini kimiminika hupita tumboni haraka kuliko chakula cha kutafuna, na uji wetu wengi huutia sukari nyingi. Upike mzito, tia maziwa, acha sukari au weka kijiko kimoja, na kula pamoja na yai au konzi ya karanga. Kuhusu ule unga wa lishe unaochanganywa mahindi, mchele, soya, karanga na vingine vingi: ulitengenezwa ili mtoto mdogo apate nguvu nyingi katika kikombe kidogo. Mtu mzima anayepunguza uzito anahitaji kinyume chake.

Kikombe chenyewe

Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa kina gramu 4 na kalori 16. Kijiko chetu cha nyumbani huwa na kilima juu yake, kwa hiyo hesabu huzidi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu mtu anayohitaji kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, sawa na gramu 25 hivi, yaani vijiko sita kwa siku nzima. Anayekunywa vikombe viwili vya vijiko vitatu vitatu amemaliza kiwango hicho kabla hajagusa soda wala juisi.

Usiache ghafla kama inakuumiza. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi huzoea. Tangawizi, mdalasini, iliki na mchaichai hufanya chai isiyo na sukari iwe na ladha ya kuipenda. Kwa mwanamke mwenye upungufu wa damu tunaongeza neno: chai huzuia madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga yasiingie mwilini vizuri. Ainywe saa moja baada ya kula, na mezani aweke kipande cha chungwa au embe.

Ukila kwa mama lishe

Hali halisi ya mjini ni kwamba wengi hula njiani. Hapo pia una nafasi ya kuchagua. Supu ya kuku au ya ng'ombe yenye limau, pilipili na nyama isiyo na mafuta mengi hushibisha vizuri. Omba mafuta yanayoelea juu yaenguliwe, na badala ya chapati mbili chukua moja, au ndizi za kuchemsha kama zipo. Mwambie akuwekee maharage mara mbili na chapati nusu. Mama lishe wengi wakishamjua mteja wao humwekea bila kukumbushwa. Kama mwenyewe ni mama lishe na unasoma hapa, sufuria ya viazi vitamu vya kuchemsha na mayai kando ya karai la maandazi itapata wanunuzi, na utakuwa umewasaidia watu kuliko unavyodhani.

Je, ni lazima kula asubuhi?

Kwa muda mrefu watu waliambiwa kwamba anayeruka mlo wa asubuhi hunenepa. Mwaka 2019 jarida la tiba la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa majaribio 13 uliofanywa na watafiti wa Australia, na haukuthibitisha dai hilo. Waliokula asubuhi walikuwa na uzito mkubwa kidogo, kwa wastani wa kilo 0.44, kuliko walioruka. Kwa hiyo mtu mzima mwenye afya asiyesikia njaa alfajiri asijilazimishe. Anaweza kusubiri hadi saa tatu au nne asubuhi, mradi akila ale chakula tulichokieleza. Lakini kama ukiruka asubuhi unaishia kwenye vitumbua na soda, kuruka hakukusaidii, na ni afadhali ule mapema.

Vitu vya kuepuka

Maji ya moto yenye limau hayayeyushi mafuta ya mwili. Ni kinywaji kizuri tu. Chai na unga wa "kukata tumbo" unaouzwa mitaani na kwenye simu ni jambo la kutisha zaidi. Baadhi yake zina sanamaki au dawa nyingine za kuharisha. Uzito unaopungua ni maji, unarudi ukinywa, na mtu huachwa na mwili uliopungukiwa chumvi na tumbo lisilofanya kazi bila dawa. Usizinunue, wala usimpe mtu kama zawadi.

Kasi salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Huonekana ndogo, lakini manufaa huja mapema. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulihusu watu waliokuwa karibu kupata kisukari. Walielekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, na idadi ya waliopata ugonjwa huo ikashuka kwa asilimia 58 ikilinganishwa na wale ambao hawakupata mwongozo huo. Kwa mwenye kilo 80, asilimia 7 ni kilo tano na nusu hivi.

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasipunguze chakula kwa kufuata kijitabu hiki. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi asiruke chakula cha asubuhi wala kupunguza wanga kwa ghafla kabla ya kuzungumza na mtoa huduma wake, kwa sababu sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Mwenye ugonjwa wa figo naye aulize kwanza kuhusu kiasi cha maharage na nyama kinachomfaa. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, beba dawa zako zote, na omba upimwe uzito, kiuno, shinikizo la damu na sukari siku hiyohiyo.